Rubani Ana Jina, Mpagazi Hana

Nilipopeleka pendekezo la utafiti wangu wa mwaka wa tatu, mhadhiri mmoja alisoma kichwa cha habari, akavua miwani, akacheka. "Kikosi cha ndege cha Waingereza? Kijana, hiyo ni historia ya kwao. Tafuta ya kwetu." Nilitoka ofisini nimenywea. Wenzangu wakaniambia nisijisumbue, nichukue madesa ya waliotangulia, niandike kuhusu vyama vya ushirika kama kila mtu, bumu likitoka tule maisha.

Sikubadilisha mada. Leo nataka kueleza kwa nini, maana naona kosa lile si la mhadhiri mmoja tu. Ni letu sote tunaosoma historia hapa.

Kikosi chenyewe ni Na. 26 cha jeshi la anga la Uingereza la wakati ule. Kiliundwa Oktoba 1915 huko Netheravon, Uingereza, na wengi wa watu wake walikuwa wametoka Afrika Kusini, ambako walishapigana dhidi ya Wajerumani upande wa Namibia ya leo. Mwisho wa Januari 1916 kikashuka Mombasa, kikapelekwa Mbuyuni karibu na Taveta. Ndege zake nyingi zilikuwa za aina ya BE2c: mabawa mawili juu na chini, mbao na kitambaa, watu wawili ndani. Machi mwaka huo jeshi la Smuts liliingia Moshi na Kahe, na kikosi kikafuata. Agosti Morogoro ikatekwa. Mapema 1918 kikaondoka, na Julai kikavunjwa. Kilipofufuliwa baadaye, nembo yake ilikuwa kichwa cha swala wa Afrika Kusini, na kaulimbiu ya Kiafrikaans inayomaanisha mlinzi angani.

Na hawakuwa wa kwanza kuruka huku. Mwishoni mwa 1914 rubani wa kiraia aliyeitwa Cutler alichukuliwa Durban pamoja na ndege yake ya kutua majini, aisake manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Aliiona, lakini baadaye akaangukia mikononi mwa Wajerumani. Julai 1915 marubani waliotokea kisiwa cha Mafia ndio walioongoza mizinga ya meli mbili za Kiingereza mpaka Königsberg ikaisha.

Sasa, ukitaka kujua watu wa vikosi hivi, kazi ni rahisi mno, na hilo ndilo lililonishtua. Hifadhi ya nyaraka ya Kew, London, ina majalada ya maofisa wa anga na mengine ya askari wa kawaida. Jumba la makumbusho la jeshi la anga la huko lina fomu za maofisa walioumia, kuugua au kufa. Kuna kadi za medali. Kuna orodha ya askari wote wa anga wasio maofisa ya Aprili 1918. Mmoja wa waliokuwa wanakaa kiti cha pili kwenye ndege hizo, Leo Walmsley, alitunukiwa nishani, akaandika kitabu kizima kuhusu kuruka kwake Afrika Mashariki kilichotoka 1920, na baadaye akawa mwandishi wa riwaya. Mtu anaweza kukaa chumbani kwake Uingereza akamfuata rubani mmoja tangu alipozaliwa mpaka kaburini.

Kwa miezi miwili na mimi nilifanya hivyo hivyo. Nakiri nilinogewa. Nilijaza daftari majina, vyeo, tarehe za ajali. Kisha usiku mmoja nikajiuliza swali la kijinga: petroli ilifikaje?

Fikiria basi. Debe moja la petroli lina lita 18 hivi, yaani karibu kilo 13. Madebe mawili ndani ya sanduku la mbao ni mzigo wa mtu mmoja, na injini ya nguvu ya farasi 90 haishibi debe moja. Reli haikufika kila mahali, na Wajerumani walikuwa wanavunja madaraja wakirudi nyuma. Ng'ombe, farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Na ndege haitui porini, inataka uwanja. Miti ing'olewe, vichuguu visawazishwe, mashimo yafukiwe, na jeshi likisonga mbele, kazi inaanza upya mahali pengine. Bawa likipasuka, kitambaa kingine kilitoka bandarini, na huku bara kilibebwa vilevile.

Kwa hiyo hesabu ya "watu wa kikosi" inayoishia kwa rubani, mwangalizi na fundi ni hesabu pungufu. Si suala la huruma. Ni suala la ukweli wa kazi: ondoa mpagazi na mfyekaji, hakuna ndege iliyoruka.

Mtu ataniambia, "Sawa, lakini wale hawakuandikwa." Hapo ndipo ninapobisha. Waliandikwa. Wapagazi wa jeshi walikuwa na mshahara, hata kama ulikuwa kiduchu, na huwezi kulipa watu bila orodha. Baada ya vita, upande wa Kenya, zilibaki fedha za wapagazi waliokufa ambazo hazikufika kwa ndugu zao, kwa madai kwamba ndugu hawapatikani. Angalia vizuri: dai hilo lenyewe linaonyesha kuwa ilijulikana nani anadai. Majina hayakukosekana, yalionekana hayana kazi tena.

Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021. Uchunguzi wake ulisema watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sisi huku tumebaki na Kariakoo, jina lililotokana na kambi ya wapagazi wale, ambapo leo tunanunua viatu bila kufikiria. Na Sanamu ya Askari pale Samora, ya 1927: bunduki mkononi, na hakuna jina la mtu hata mmoja.

Bibi yangu, mzaliwa wa Same, husema baba yake alibeba "madebe ya Wazungu" hadi Morogoro na akarudi na mguu mbovu. Nilitamani sana kuandika kwamba alikuwa mtu wa Kikosi Na. 26. Ingependeza kwenye tasnifu, na nani angenipinga? Lakini madebe yalikuwa ya magari pia, na ya mafuta ya kupikia. Nikaandika alichosema bibi, jina la baba yake kamili, na basi. Tukianza kuwabandika wazee wetu kwenye vikosi kwa kubahatisha, tutakuwa tumefanya uzembe uleule wa waliowaacha nje.

Ndiyo maana sikubaliani na "hiyo ni historia ya kwao." Ukiiacha kwa sababu marubani walikuwa Wazungu, unawaachia wao pia barabara, viwanja, madebe na miguu iliyobeba. Wataalamu na wapenzi wa ndege za kale huko Ulaya wataendelea kuandika vizuri tu kuhusu walichonacho, na walichonacho ni majalada ya marubani. Upande wa pili hakuna atakayeuandika kama si sisi, tunaojua lugha ya bibi na njia ya kwenda kwake.

Ombi langu ni dogo. Likizo ndefu inakuja. Uliyetoka Moshi, Kondoa, Morogoro, Mafia au Rufiji, muulize mzee mmoja nyumbani: nani wa ukoo huu alibeba mizigo kwenye vita vya kwanza, alitoka lini, alirudi? Andika jina kama linavyotamkwa, andika na nani kakwambia. Usiongeze chumvi. Chama cha wanafunzi kifungue daftari moja maktaba, tuyaweke humo. Wazee waliosikia habari hizi kwa baba zao wenyewe sasa wana miaka themanini na kitu, na kila muhula tunarudi kutoka likizo tukisikia fulani kazikwa.

Daftari likifunguliwa, jina la kwanza ninalo. Bibi kanitajia mara tatu, akihakikisha nimeandika sawasawa.