Bunduki Hadharani: Tuijue Sheria Kwanza

Katika kigango kimoja tunachokifahamu, kijana mmoja alizoea kuja Misa ya Jumapili akiwa na gobore begani. Hakuwa mhuni. Akitoka kanisani alikwenda moja kwa moja shambani kufukuza ngedere na nguruwe, na nyumbani kwake ni mbali. Gobore aliliegemeza kwenye mwembe, akaingia kusali, na waamini wakazoea. Siku moja baada ya Misa kilifanyika kikao cha kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, naye akiwa mmoja wa wadai. Akaketi, gobore magotini. Hakutamka neno lolote la ukali. Lakini mama mjane wa upande wa pili, aliyekuja na mashahidi wawili, alisema hana la kusema, akaondoka. Mpaka ukawekwa pale alipotaka kijana.

Miezi michache baadaye polisi walimkamata. Aliwaonyesha leseni. Ilikuwa leseni ya kweli, ila jina lililoandikwa ni la baba yake, aliyekwisha kufariki.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tungemwonea huruma, nasi tulimwonea. Hata hivyo yafaa tuseme wazi kwamba alikosea mara mbili, na kosa la pili ni zito kuliko lile lililompeleka rumande.

La kwanza laelezeka kwa ufupi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, hairuhusu mtu kumiliki silaha pasipo leseni yake mwenyewe. Shamba hurithiwa, ng'ombe hurithiwa, leseni hairithiwi. Mwenye silaha akifa, walio nyumbani hawana budi kuikabidhi polisi, na anayeitaka aombe upya kwa jina lake.

La pili halimo katika sheria hiyo, bali katika Kanuni ya Adhabu, tuliyoipokea tangu enzi ya ukoloni. Humo imeandikwa kwamba mtu anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu, anatenda kosa, na silaha yake yaweza kutwaliwa. Tuyaangalie maneno hayo vizuri. Hayaulizi kama risasi ilifyatuliwa, wala hayaishii kwenye bunduki. Yanauliza una sababu gani ya kuwa nayo mahali hapa, na jirani yako anajisikiaje. Kulinda mahindi ni sababu. Kikao cha mpaka si sababu, hata leseni ingekuwa na jina lako. Yule mama alinyang'anywa sauti yake mchana kweupe, nasi viongozi tuliokuwapo tukaandika muhtasari kana kwamba alikubali.

Vijana wetu huona katika filamu mtu wa Marekani akitembea sokoni na bastola kiunoni, wakadhani ndiyo haki ya kila raia aliye huru. Huko kwenyewe kila jimbo lina sheria yake. Katika Texas, tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 asiyezuiliwa na sheria aweza kuibeba wazi bila kibali. Katika Illinois kufanya hivyo ni kosa. Na kwetu, mwenye leseni ya Tanzania akivuka Namanga na bunduki yake, leseni hiyo haimkingi mbele ya sheria ya Kenya.

Wapo watakaosema twafanya kazi ya polisi. La hasha. Hatujasahau Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, iliyoanzishwa dhidi ya majangili na silaha zao. Raia waliteswa, wengine wakapoteza maisha, na Desemba ya mwaka huo, baada ya Bunge kupokea taarifa ya kamati yake, mawaziri wanne waliondoka madarakani. Asiyejua sheria inamtaka nini hajui pia inamkataza askari nini, na siku ya msako huishia kuomba huruma mahali ambapo angedai haki.

Kwa hiyo tunaziomba Kamati za Haki na Amani za vigango, kabla mahindi hayajaanza kubeba, zizungukie Jumuiya Ndogo Ndogo na kuuliza kwa upole nyumba zilizofiwa: je, marehemu aliacha silaha? Ikiwapo, asiitwe mtu msaliti, wala mjane asiachwe aibebe peke yake barabarani. Kwanza kituo cha polisi kiarifiwe, kieleze itafikishwaje. Kisha mjumbe mmoja wa kamati na kiongozi wa kijiji wafuatane na familia, na wasiondoke kituoni bila hati ya mapokezi yenye namba ya silaha, tarehe, na jina la askari aliyeipokea. Nakala ibaki parokiani.

Kuhusu mpaka ule, kikao kitaitishwa upya. Silaha zitabaki nyumbani, mapanga yakiwemo, na mama yule ndiye atakayeanza kusema.