Injini Haichoki kwa Zamu

Peleka gereji gari la miaka ya tisini linalopoteza nguvu, mara linakaa sawa, mara halikai. Hukumu itatoka boneti haijafunguliwa: injini imechoka, tafuta nyingine. Tumeizoea hukumu hii hadi wenye magari tunajihukumu wenyewe kabla ya fundi. Naipinga, maana imewala watu fedha nyingi bure.

Fikiria Corolla inayopanda mlima wa Kitonga. Katikati ya mlima inaanza kumisi, mguu umezama kwenye mafuta lakini mwendo unashuka. Dereva anaegesha, anazima, anasubiri nusu saa. Akiwasha, gari linapanda vizuri tu. Sasa niambieni, ringi zilizolika zimeota upya katika nusu saa hiyo? Injini iliyochoka kweli imechoka asubuhi na jioni, tambarare na mlimani. Inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na kompresheni yake iko chini kila ukiipima. Nguvu inayokwenda na kurudi imeshikwa na kitu kinachokwenda na kurudi.

Vitu hivyo vinajulikana. Uchafu wa tangi huvutwa kwenye chujio la pampu pale injini inapodai mafuta mengi. Ukizima, mvuto unakwisha, uchafu unadondoka. Koili iliyokatika ndani huachana ikipata moto, ikipoa inagusana. Masega ya ekzosi yakimeguka, vipande huhamahama na kuziba njia ya moshi, kisha vikaiachia. Ethi iliyolegea hubana umeme wa pampu gari linapotikisika.

Ukifunga injini ya mtumba, tangi linabaki lile lile, pampu ile ile, ekzosi ile ile. Na wakati mwingine injini hiyo huja na distribyuta na koili zake, ugonjwa unapona, fundi anasema "si nilikwambia?" Mwenye gari amenunua injini nzima ili apate kifaa kinachoenea kiganjani. Ni bahati za namna hii zinazoipa imani hii uhai.

Kusoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari kunasaidia, ila kodi isomwe inavyosema. P0171 inasema mafuta ni machache kwa hewa iliyoingia. Haijasema sensa ya oksijeni imekufa, ingawa sensa ndiyo hununuliwa kwanza. Kwenye Corolla nyingi zenye injini ya 5A-FE huhitaji hata mashine: unganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kupiga stata, taa ya injini itakuhesabia kodi kwa kuwaka na kuzimika.

Kisha gari lipimwe likiwa linaugua. Funga geji ya presha ya mafuta, mpira wake upite ukingoni mwa boneti, geji ibanwe na waipa kwenye kioo cha mbele, mwende mlimani. Nguvu ikikata na mshale umesimama kwenye paundi 40 hivi, pampu na chujio havina kosa. Geukieni koili na ekzosi. Mshale ukianguka, anzeni tangini. Safari hiyo ni kazi, na fundi alipwe kwayo. Leo tunamlipa akifunga spea tu, halafu tunashangaa kwa nini kila ugonjwa anautibu kwa spea.