Nzuri, Ila...

Wiki chache zilizopita niliangalia filamu moja nikiwa juu ya dabo-deka, saa saba usiku, bando la usiku linakaribia kukata. Chumba chetu kina watu sita. Wote sita tulikuwa macho, kila mtu na hedifoni zake masikioni, kila mtu na mwanga wake usoni. Hakuna aliyekuwa anaongea na mwenzake. Nilipomaliza filamu ndipo nikaliona hilo, na sijaweza kuacha kuliona tangu siku ile.

Filamu inaitwa We're All Going to the World's Fair. Imeandikwa na kuongozwa na Jane Schoenbrun wa Marekani, na ni kazi ndogo isiyo na mbwembwe: sehemu kubwa ni binti mmoja, chumba kimoja cha darini na kamera ya laptopu. Binti huyo ni Casey, ameigizwa na Anna Cobb, ambaye alikuwa hajawahi kucheza filamu ndefu. Mwanzoni tu anakaa mbele ya kamera, anasalimia, anakatisha, anapanga taa upya, anaanza tena. Anajiunga na mchezo wa mtandaoni. Unarudia sentensi fulani mara tatu, unajichoma kidole, unapaka damu kwenye skrini, unaangalia video, halafu siku zinazofuata unawasimulia wenzako jinsi mwili na akili yako vinavyobadilika. Kila mchezaji anatunga lake, na raha ya mchezo ni kutosema kwamba unatunga.

Wengi wameiweka kwenye kundi la filamu za kutisha. Kwangu mimi kinachotisha humo ni ukimya wa ile nyumba. Baba yake Casey yupo, lakini sura yake hatuioni. Tunamsikia akifoka usiku kwa sababu ya kelele, basi. Rafiki hatumwoni hata mmoja.

Anayejitokeza ni mtu mzima anayejiita JLB, naye yumo kwenye mchezo. Anamtumia Casey ujumbe kwamba yuko hatarini, kisha wanaanza kuongea. Casey anaonekana, yeye haonekani. Mahali pa uso wake pana mchoro. Sisi watazamaji tunaonyeshwa anapoishi, nyumba kubwa iliyo kimya kama ile ya binti. Filamu haifichi kwamba jambo hili linatia wasiwasi, na wasiwasi wenyewe ni halali. Mwanaume wa umri ule anatafuta nini kwa binti yule? Lakini video za Casey zinapozidi kuwa nzito, huyohuyo JLB ndiye anayevunja mchezo na kumuuliza kama kweli yuko salama. Casey anakasirika na kumwambia alikuwa anaigiza tu. Mazungumzo yanakatika. Mwishoni JLB anasimulia kwamba baadaye walikuja kukutana, na hatujui kama ni kweli au ni hadithi nyingine aliyoitunga ili apate usingizi.

Najua wazee wetu wakiiona watasema, "Si tuliwaambia? Simu zinawaharibu." Sikubaliani nao, na nina sababu.

Mwaka jana mshikaji mmoja wa chumbani kwetu alianza kukosa vipindi. Tulidhani analala tu, maana kila tukirudi tunamkuta amejifunika shuka gubigubi. Tulitaniana kwamba atadisko. Siku moja simu ya mwenzetu ikaita, namba ngeni. Aliyepiga alikuwa mtu wa Mwanza ambaye hakuna hata mmoja wetu anayemfahamu. Hata mshikaji wetu alikuwa hajawahi kumwona ana kwa ana. Walikutana kwenye gemu la simu, wakawa wanachati kila usiku. Namba yetu aliipata kwenye grupu la darasa ambalo mshikaji alikuwa amemtumia picha yake. Alisema, "Kaka, samahani kwa usumbufu. Mwenzenu hajala tangu juzi. Naomba mmwangalie."

Mtu wa Mwanza alijua. Sisi tuliokuwa tunalala mita mbili kutoka kwake hatukujua. Sasa hapo simu ndiyo iliyomharibu, au ndiyo iliyomwokoa?

Ila tuseme ukweli wote. Mtu wa Mwanza alijua, lakini uji hakuweza kuuleta. Hakuweza kukaa pembeni ya kitanda, wala kumshika mkono kumpeleka zahanati, wala kumsindikiza kwa mshauri nasaha. Hayo tuliyafanya sisi, tukiwa na aibu. Ukaribu wa mtandaoni si feki, kama watu wanavyopenda kusema. Ni wa kweli, ila una mwisho wake, na mwisho wake ni pale inapohitajika mikono. JLB naye alifikia mwisho huohuo. Aliuliza swali sahihi, lakini aliuliza akiwa mbali, akiwa amejificha, na akiwa amechelewa.

Tatizo letu hapa kampasi ni kwamba tulio na mikono hatuulizi. Utasema tunaulizana kila siku. "Mambo?" "Poa." "Niaje?" "Freshi." Hizo ni salamu, na jibu lake linajulikana kabla hujafungua mdomo. Nani amewahi kujibu "mambo" kwa kusema "mabaya"?

Lakini Kiswahili chetu kina mlango wa nyuma. Msikilize bibi yako akipokea simu. "Habari za huko?" "Nzuri, ila..." Baada ya hiyo "ila" ndipo linakuja lenyewe: mtoto anaumwa, mvua haijanyesha, jirani amefiwa. "Nzuri" ni adabu, "ila" ndiyo habari. Na bibi anaifikia kwa sababu anayeuliza hajaondoka. Anasubiri. Sisi tunasema "mambo" huku tunatembea, na mwenzako anapofika kwenye "ila" wewe ushafika kafeteria. Kwenye simu ni vilevile. Mtu anaweka stetasi yenye mshumaa tu bila maneno, tunaitazama sekunde mbili, tunapita. Yeye anaona majina yetu arobaini kwenye orodha ya waliotazama, na hakuna hata mmoja aliyeandika neno.

Sundance walipoionyesha filamu hii kwa mara ya kwanza mwaka 2021, tamasha lao lilifanyika zaidi mtandaoni kwa sababu ya Covid. Wengi wa waliotangulia kuiona waliiona kama mimi, wakiwa na skrini yao. Tofauti ni kwamba wao walizuiwa kukaa pamoja. Sisi tumewekwa sita kwenye chumba kimoja.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza ni kwa serikali yetu ya wanafunzi. Wiki ya mwaka wa kwanza tunaonyeshwa maktaba, tunafundishwa kusaini boom, tunatishiwa habari za kusapu. Ongezeni nusu saa: mshauri nasaha anakaa ofisi gani, anapatikana saa ngapi, na mtu akienda siri yake inalindwaje. Mwaka jana sisi ilibidi tuulize ofisi tatu kabla ya kuipata hiyo.

La pili ni kwako wewe unayesoma hapa, pengine nawe upo juu ya dabo-deka. Kuna mtu chumbani kwenu hamjamsikia sauti tangu juzi. Usimtumie meseji. Shuka, mwambie twende tukale, na akikujibu "poa tu", usiondoke.

Mshikaji wetu yupo, anaendelea na masomo. Bado anachati na yule wa Mwanza kila usiku, na siku hizi huwa anatusomea vichekesho vyake kwa sauti.