Kufuli Haina Makosa, Programu Yenu Ndiyo Mbaya

Wasee, leo mtanichukia kidogo.

Watu wa meinifremu wana tabia moja: programu ikianguka na kosa la 0C4, wa kwanza kulaumiwa ni ulinzi wa memori. "Toeni hiyo kitu, jana ilikuwa inafanya kazi." Zii. Jana haikuwa inafanya kazi. Jana haikuwa imeshikwa.

Wazo lenyewe ni la kitambo. Tangu System/360 ya IBM, iliyotangazwa 1964, kipande cha memori hupewa ufunguo wa biti 4, na programu yenye ufunguo tofauti haiwezi kuandika hapo. Ni ufunguo 0 pekee unaopita kila mlango.

Sasa, kwenye z/OS programu inaweza kupewa alama ya RENT, yaani kazi nyingi zitumie nakala moja kwa wakati mmoja. Lakini hiyo alama ni ahadi tu. Hakuna anayekagua kama ni kweli.

Nikiwa atachimenti niliona programu ya RENT iliyokuwa inaandika kaunta ndani ya mwili wake. Kwenye maktaba ya kawaida ilipakiwa kwa ufunguo 8, sawa na ule wa kazi inayoitumia, so ilijiandikia bila kelele. Siku ilihamishiwa maktaba iliyoidhinishwa, mfumo ukaipakia kwa ufunguo 0. Kuanza tu, 0C4! Bosi akasema irudishwe ilikotoka. Ikarudishwa, watu wakapiga makofi.

Makofi ya nini? Kazi mbili zilikuwa zinaandika kaunta moja, kila moja ikikanyaga hesabu ya mwenzake. Ni risiti ngapi zilihesabiwa vibaya? Hakuna aliyeuliza.

Na kuna REFRPROT, ambayo usipoiwasha inabaki imezimwa. Ukiiwasha, programu zenye alama ya REFR zinawekwa kwenye kurasa zilizolindwa. Hapo hata mwenye ufunguo 0 akijaribu kuandika anagonga ukuta. Wengi wanaikwepa juu itawaanika.

Najua mtaniambia mfumo ukilala saa nane usiku, mteja hataki lecha. Sawa, irudisheni usiku huo. Lakini asubuhi hiyo kaunta itolewe, kila kazi iombe memori yake. Ama mtoe alama ya RENT, muache kudanganya mfumo.

Kufuli ikikataa, usiivunje. Angalia kwanza ni mkono wa nani uko mlangoni.