PLOTI YA KUPANGISHA: HESABU KWANZA, SAHIHI BAADAYE



Siku hizi kila mtu anayekaribia kustaafu, na hata kijana mwenye hisa kidogo katika chama cha akiba na mikopo, huambiwa neno moja tu: nunua ploti ya vyumba, upangishe, ule kodi. Mimi sisemi neno hilo ni baya. Mshahara una mwisho wake, na uzee hauna karakana. Nisemalo ni hili: ploti nyingi tunazoonyeshwa na madalali hazifai kwa bei wanayotaja, na mwisho atakayeumia ni mfanya kazi mwenzetu.

Basi tuhesabu pamoja kwa mfano. Tuseme ploti ina vyumba 10 vya mabati, kila chumba Sh. 3,000/- kwa mwezi, na muuzaji ataka Sh. 2,400,000/-. Dalali atakwambia, mapato ni Sh. 360,000/- kwa mwaka, kwa hiyo kabla ya miaka 7 fedha yako imerudi. Hiyo ni hesabu ya mdomo. Hesabu ya kweli ni hii.

Vyumba 10 havijai mwaka mzima. Huyu amehama, yule ameachishwa kazi na hana kodi. Hesabu vyumba 9, yaani Sh. 324,000/-. Toa mshahara wa mtunza ploti, Sh. 48,000/-. Toa maji, stima ya nje, taka na lori la kunyonya choo, Sh. 48,000/-. Toa mabati, makufuli na fundi, Sh. 24,000/-. Halafu kuna serikali. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba za kuishi apataye zaidi ya Sh. 288,000/- kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote aliyopokea, bila kupunguziwa gharama. Hapo ni Sh. 24,300/-. Kinachobaki ni Sh. 179,700/-, karibu nusu ya ile ya dalali. Kwa mwezi ni kama Sh. 15,000/-.

Sasa tazama mkopo. Una akiba ya Sh. 900,000/-, unakopa Sh. 1,500,000/- kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, ulipe kwa miezi 60. Kila mwezi utalipa kama Sh. 33,400/-. Ploti yaleta 15,000/-. Zile 18,400/- zatoka wapi? Zatoka katika mshahara wako, na Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato kupita theluthi mbili ya mshahara. Ukishindwa, deni lawaangukia wadhamini wako. Nao si watu wa mbali, ni hao mnaofanya nao zamu moja.

Wengine husema, nitapandisha kodi. Zile 18,400/- ukizigawa kwa vyumba 9 ni zaidi ya Sh. 2,000/- kwa kila chumba, juu ya zile 3,000/-. Mpangaji wa chumba cha mabati ni nani? Ni kibarua, ni mfagiaji, ni mwanachama wa chama kama hiki. Leo twadai nyongeza ya mshahara kwa tajiri, kesho twamnyang'anya mwenzetu nyongeza hiyo mlangoni kwake! Tena atahama, nawe ubaki na vyumba vitupu. Kwa hiyo nasema wazi: ploti isiyoweza kulipa deni lake mpaka mpangaji akamuliwe ni biashara mbaya kwa pande zote mbili.

Iko njia rahisi ya kupima bei. Chukua kinachobaki kwa mwaka, ukigawe kwa riba ya mwaka ya mkopo wako, uzidishe kwa 100. Katika mfano wetu, 179,700 kwa 12, mara 100, ni kama Sh. 1,497,500/-. Bei ikipita hapo, kila shilingi uliyokopa yakugharimu zaidi ya inavyoleta. Na usisahau wakili, pamoja na ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, asilimia 2 shambani. Kwa bei ya muuzaji wetu, mjini ni Sh. 96,000/-, nazo hutolewa kabla hujapokea kodi hata ya siku moja.

Tena karatasi. Sisi watu wa reli twajua sana vyumba vilivyojengwa katika ardhi ya akiba ya reli. Hupangishwa, huuzwa, na mnunuzi hupewa barua yenye mihuri. Barua si hati. Siku ya kubomoa, mihuri haizuii tingatinga. Nenda mwenyewe ofisi ya ardhi, lipa ada, utafute jina la mwenye hati na kama ardhi imewekwa rehani. Usikubali kuletewa majibu na dalali, maana yeye hulipwa siku unapotia sahihi, si siku unapofaidika.

Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu. Kabla ya kukitoa, keti na mke au mume wako, keti na wadhamini wako, muandike hesabu hii kwa kalamu. Dalali akikuhimiza kwamba kuna mnunuzi mwingine anangoja, mwambie amwuzie huyo.

Mfanya kazi wa Reli,
Nairobi