Sweta la Mtoto Lisiwe na Mshono Ubavuni

Wafanyabiashara wenzangu wa nguo za watoto, hasa nyie mnaofuma kwa mkono, leo nina neno ambalo najua baadhi yenu hamtalipenda. Tuache kufuma sweta la mtoto vipande vipande. Mbele peke yake, nyuma peke yake, mikono miwili, halafu unakaa tena na sindano kuunganisha. Huo muda unautoa bure, maana hakuna mteja anayelipia mshono. Na mshono wa kwapani ndio wa kwanza kuachia watoto wakianza kuvutana mpirani.

Utaniambia mashine nayo inafuma vipande na masweta yake yanauzika. Sawa. Mwenye mashine hatumwezi kwa bei, na mitumba pia hatuiwezi kwa bei. Tunachokiweza sisi wa sindano ni sweta linalorefuka.

Angalia mwaka wa huku kwetu Singida unavyokwenda. Hela ya alizeti inaingia baada ya mavuno, na ndipo baridi na upepo wa mwezi wa sita na wa saba unapopiga. Mzazi ananunua sweta. Januari shule zinafunguliwa, mazao bado yako shambani, mfukoni hamna kitu, na mtoto amerefuka. Huyo mzazi hana hela ya sweta jipya, lakini 3,000 ya kurefusha mikono anaweza kuipata. Mimi dukani kwangu hapa Ihanja natoza hiyo, uzi juu yangu.

Sasa ili sweta lirefuke, lazima lianzie shingoni lishuke chini. Kufuma kunafumuka vizuri kutokea pale ulipofungia, sio pale ulipoanzia. Ukifungia kiganjani na kiunoni, siku ya kurefusha unafungua pale, unafumua ule ukanda unaovutika, unadaka vitanzi na kuendelea kushuka. Wavuvi wa Uingereza zamani walifumiwa masweta ya mduara, mikono ikianzia begani kushuka, ili sehemu ya kiganjani ikichakaa ifumuliwe na kufumwa upya. Kwa hiyo sio kitu nimebuni mimi.

Tuchukue kielelezo cha kawaida cha vipande kwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili: mbele vitanzi 74, nyuma vitanzi 74. Katika kila kipande, kitanzi kimoja kila upande ni cha kumezwa na mshono. Mshono haupo tena, toa vinne, unabaki na 144. Kama uzi wako unatoa vitanzi 20 kwa sentimita 10, hiyo ni sentimita 72 kuzunguka kifua, na nafasi ya kupumua imo.

Vipimo vingine navitoa kwa asilimia. Hesabu hii ni ya Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 1971 alitoa kitabu Knitting Without Tears. Mwili ni 100, kwapa 8, mkono kwa juu 33, kiganjani 20. Kwenye 144 yetu, kwapa ni 12, mkono 48, kiganjani 28.

Anza shingoni na vitanzi 64, uvianze kwa kulegeza, la sivyo kichwa hakipiti. Fuma ukanda wa shingo, kisha gawa: mbele 28, nyuma 28, kila mkono 4. Weka alama nne za uzi wa rangi nyingine. Mzunguko mmoja unaongeza kitanzi kila upande wa alama, yaani vinane, mzunguko unaofuata huongezi. Ukishaongeza mara 16 utakuwa na 192: mbele 60, nyuma 60, mikono 36 kila mmoja. Pima kwa mtoto. Kama kwapa halijafikiwa, shuka bila kuongeza. Likifikiwa, tunga vitanzi vya mikono kwenye uzi uviache, ongeza 12 chini ya kila kwapa, na mwili wako ni 144. Mkono ukiurudia, 36 na 12 za kwapa ni 48, unapunguza taratibu hadi 28.

Hapa ndipo wengi wanapopotea: kwenye vipande, mstari wa kurudi unafuma vitanzi vya kugeuza. Kwenye mduara hurudi, uso wa sweta unakutazama muda wote, kwa hiyo kila mzunguko ni kitanzi cha kawaida. Kama kielelezo kina maua, ile mistari ya kurudi isome kinyume, kuanzia mwisho wake. Na kipimo cha uzi kichukue kwa kufuma mduara mdogo, kwa sababu mikono ya watu wengi inalegea kwenye kugeuza.

Sindano ya mduara ikikosekana, tumia vijiti vitano vilivyochongoka pande zote mbili. Spoki za baiskeli zinafaa kwa uzi mwembamba. Kwa uzi mnene sweta litatoka gumu kama gunia, afadhali mwanzi uliosuguliwa vizuri.

Kuna fundi mmoja tunabishana naye kila wiki, anasema mshono ndio unaoshikilia sweta. Kwa sweta zito la mtu mzima namkubalia, bila mshono linaning'inia na kurefuka lenyewe. Kwa mtoto wa miaka saba, hapana.

Tatizo ninaloliona mimi ni rangi. Sweta likifuliwa miezi sita linapauka, uzi mpya unaonekana kama kiraka, na shule zinataka rangi moja. Kwa hiyo kila sweta la shule nabakiza uzi wa bunda lilelile, naandika jina la mtoto na kuuweka kwenye boksi. Uzi ule umeshalipiwa ndani ya bei ya kwanza. Ndiyo maana sweta langu lina buku mbili zaidi ya la jirani, na mzazi akiuliza namwonyesha boksi.