Wepesi wa Kiluvya
Oktoba 6, 2020, zikibaki wiki 3 Watanzania wapige kura, polisi waliuzuia msafara wa mgombea urais wa Chadema, Tundu Lissu, pale Kiluvya, Kisarawe, akielekea Kibaha. Kamati ya maadili ya uchaguzi ilikuwa imemsimamishia kampeni kwa siku 7. Saa zikayoyoma Barabara ya Morogoro, askari wakiwa macho, hakuna kupita. Ukakamavu ule! Mtu huyohuyo alimiminiwa risasi mchana kweupe Dodoma, Septemba 7, 2017, ndani ya eneo la makazi ya viongozi, na hakuna aliyefikishwa mahakamani. Katiba, ibara ya 13, inatutaka sote tuwe sawa mbele ya sheria. Jeshi la Polisi, tunaomba wepesi wa Kiluvya uende na Dodoma.